Nyigu Hawana Mwenyewe

Maneno yalianzia mashineni, kama yanavyoanzia maneno mengi pale Sindeni, wanawake wakiwa wamekalia madebe yao kungoja zamu ya kusaga. Aliyeyasema ni Getruda, jirani yake Elina, na wala hakunong'ona. Kwamba Mzee Muhsin amechoka kuibiwa machungwa. Kwamba alisafiri mbali kutafuta fundi, na fundi amekuja amelikaga shamba lote, amelizindika kwa dawa ya kunasa wezi. Anayebisha akaangalie mwenyewe ule ua wa minyaa upande wa mpakani, aone nyigu walivyojenga. Kiota kinakaribia ukubwa wa kichwa cha mtoto, na majuzi tu hapakuwa na kitu.

"Nyigu wale wana macho," alisema Getruda. "Mtu mwema anapita, hawana habari naye. Mwizi akipita, wanamjua."

Mwingine akaongeza la kwake. Aliyeumwa na nyigu wa kago hapelekwi hospitali. Sindano ikikutana na kago mwilini, damu inaganda hapo hapo, mtu anakata roho daktari bado kashika bomba la sindano. Dawa ni moja tu: mwizi aungame kwa mdomo wake, na mwenye shamba alitegue kago lake. Akatajwa kijana wa huko kwingine, asiyejulikana jina wala kijiji, aliyechomwa sindano akafia mlangoni.

Elina alisaga unga wake, akajitwika, akaenda zake. Njiani alijiambia kuwa hayo ni maneno ya mashineni. Yeye kwao ni Lutindi, kwa watu wa misheni, na kwao habari za kago husemwa kwa kucheka. Lakini lile la sindano lilimng'ang'ania kama vishonanguo kwenye upindo wa kanga. Unabandua hiki, unakikuta kingine. Jioni akamwita binti yake Pendo, mtoto wa darasa la sita, akamwonya asikanyage kwa Mzee Muhsin hata kama mbuzi wamekimbilia huko. Kumwambia asiusogelee ua wenyewe hakukumjia kichwani. Kama nyigu wanawajua wezi, na Pendo si mwizi, ua una neno gani naye?

*

Jumamosi Elina alikuwa anavuna kunde. Pendo alichukua kapu akaenda kuchuma mchunga, ile mboga chungu inayojiotea pembeni mwa mashamba, ambayo baba yake akirudi nyumbani haulizi kingine. Mchunga ulionenepa ulikuwa chini ya ua wa minyaa, upande wao kabisa, si upande wa Mzee Muhsin. Msichana aliinama, mgongo ukagusa tawi, tawi likatikisika.

Elina alisikia ukelele, akatupa ungo. Alimkuta mwanawe anazunguka pale pale huku akijipiga kichwani kwa mikono miwili, na kila akijipiga nyigu wanazidi. Alimfunika kanga, akamburuta mpaka katikati ya mahindi makavu, mbali na ua. Yeye mwenyewe aliumwa mkononi na kwenye kisigino, hakusikia.

Alipomfunua aliona alama shingoni, sikioni, juu ya jicho. Hayo hayakumtisha, nani aliyelelewa shamba asiumwe na nyigu. Kilichomtisha ni vipele vilivyoanza kuota tumboni, mahali ambapo hakuna nyigu aliyefika. Midomo nayo ikaanza kujaa, mtoto akawa anajikuna viganja kama mwenye upele.

Na neno la kwanza lililomtoka Elina halikuwa pole. "Umechukua nini kwa Mzee Muhsin?"

Pendo akatikisa kichwa, akatapika.

Getruda ndiye aliyefika wa kwanza, amekimbia mpaka kiatu kimoja kimebaki njiani. Hakuwa mwanamke mbaya. Alikuja na chupa ya mafuta ya taa, akamiminia kitambaa, akaanza kumsugua mtoto shingoni. Wengine wakafuata. Mmoja alitaka wembe amchanje sumu itoke. Mwingine alisema maziwa, akaja na kikombe, akakisukuma mdomoni mwa mtoto ambaye mate yake mwenyewe yalikuwa yanamshinda kumeza, maziwa yakamwagikia kifuani. Elina akasema tumpeleke zahanati. Wote wakaongea kwa pamoja kumkataza. Getruda akamshika bega, akamwambia kwa upole kabisa kwamba mzee ameshaitwa, yuko njiani, asiharibu.

Mzee Muhsin alikuja bila haraka, fimbo mkononi. Elina akiwa amepakata kichwa cha mwanawe alimwamkia shikamoo, mzee akaitikia marahaba, akamwuliza hali ya nyumbani, naye akajibu nzuri. Baadaye, kila alipoukumbuka ule uzuri alioutaja huku mtoto anakoroma mapajani, masikio yalimwaka moto.

Mzee aliinama. "Binti, sema ulichochukua. Ukisema, litakuachia."

Pendo alijaribu. Ilitoka sauti ya kukwaruza, haina neno ndani yake.

"Mzee, ngoja niungame mimi," Elina akasema. "Nitajie niseme nini."

"Hapana. Anayetakiwa kusema ni yeye, kwa mdomo wake."

"Kwa mdomo upi, mzee? Si ndio huu unaouona?"

Watu wakaguna. Hapakuwa na aliyetazama mdomo wenyewe, uliokuwa umefura mpaka meno hayaonekani. Elina akatoa simu, akampigia mumewe, Denis, aliyekuwa kazini kwenye kiwanda cha mkonge upande wa Korogwe. Mashine zilikuwa zinanguruma nyuma yake. Alisikiliza yote, halafu akasema amsikilize mzee kwanza. "Mama Pendo, tunaishi na watu. Usituingize kwenye balaa."

Elina alikata simu. Aliangalia shingo ya mwanawe. Kile kishimo kilichoko chini ya koo kilikuwa kinadidimia kila mtoto anapovuta pumzi, na kila kikididimia kinazama zaidi. Kago lilikuwa neno la watu. Kile kishimo alikiona kwa macho yake.

Akainuka, akamfunga mtoto mgongoni kwa kanga, miguu mirefu ya msichana ikiburuza vumbi. Hapakuwa na mkono uliomsaidia kumnyanyua. Hapakuwa pia na mkono uliomzuia.

*

Pale njiapanda kulikuwa na bodaboda mmoja, Enock, kijana mwenye miwani ya jua na pikipiki ya mkataba. Habari ilishamfikia, habari haihitaji kupakiwa. Alipomwona Elina anakuja, aliwasha.

"Mama, samahani. Hiyo siyo ya kubebwa na mimi. Nikipata ajali hapo mbele nitamweleza nini tajiri?"

Elina alisimama mbele ya tairi. Jasho lilikuwa linamchuruzika mpaka kidevuni. "Utamweleza kwamba ulimwacha mtoto afie hapa, watu wakaja kuitazama maiti pembeni ya pikipiki yake. Sasa chagua, hilo au zahanati."

Enock aliangalia kulia, akaangalia kushoto. Hakukuwa na mtu wa kumwamulia. Akasogea mbele kwenye siti.

Njia nzima Elina aliongea sikioni mwa Pendo, akimwambia avute pumzi, aitoe, avute tena, kama anayemfundisha mtu kitu kigeni. Enock aliyekuwa hataki kuwabeba alipita mashimo yote bila kupunguza mwendo.

Tabibu wa zahanati alikuwa kijana anayeitwa Simeo, mgeni pale. Hakuuliza ya kago. Alimtazama mtoto mara moja, akamlaza kitandani ameinuliwa mgongo, akavunja kichupa kidogo na kuvuta dawa. Hapo ndipo mkono wa Elina ukaruka wenyewe, ukamdaka kifundo cha mkono.

"Daktari. Hiyo sindano ikikutana na kago?"

Simeo hakucheka. Elina anamheshimu kwa hilo mpaka leo.

"Kago silijui, mama. Ninachokijua ni kwamba koo hili linafunga, na hii inalifungua. Nisipochoma sasa hivi, tutabishana juu ya marehemu. Achia mkono wangu."

Machoni pa Elina, wanawake wote wa mashineni walikuwa wamejaa kile chumba. Kijana wa huko kwingine alikuwa amelala mlangoni. Elina alijua kwamba akiachia na mtoto akafa, haitasemwa kuwa ni nyigu. Itasemwa mama yake ndiye aliyemuua, kwa kiburi chake cha kimisheni. Akaachia.

Sindano iliingia pajani. Pendo akaanza kutetemeka, moyo ukimpiga mpaka unaonekana juu ya gauni, na Elina akasema moyoni, ndiyo hiyo. Akafumba macho. Alipoyafumbua, mtoto alikuwa bado anatetemeka, lakini kile kishimo cha koo hakikuzama tena kama mwanzo. Kisha Pendo akalia, kwa sauti yake mwenyewe, kubwa, ya kuudhi. Simeo akaketi kwenye kiti kwa mara ya kwanza tangu waingie, akafuta uso kwa mkono wa koti.

Aliwaambia uvimbe unaweza kurudi baada ya dawa kuisha nguvu, kwa hiyo waende hospitali Korogwe wakaangaliwe mpaka kesho. Akaeleza na jingine, na hilo alilirudia mpaka Elina alipoitikia. "Mwili wa huyu mtoto sasa hauelewani na nyigu. Akiumwa tena, hata na mmoja, inaweza kuwa mbaya kuliko leo. Siku hiyo usisubiri mtu."

*

Hospitali iliwaruhusu, wakapumzika Masuguru kwa shangazi yake Denis. Denis alikuja moja kwa moja kutoka kiwandani, ananuka maji ya mkonge. Alimwangalia mwanawe aliyelala mkekani, jicho moja bado limefumba kwa uvimbe, akamshika mguu, akakaa hivyo. Ya simu hakuyagusa. Elina naye hakumsaidia kuyagusa.

Baadaye akaleta neno lililomleta. Mzee Muhsin alikuwa amempigia simu. Sindano imelilaza kago, haijalitoa, litaamka. Panatakiwa mbuzi na kitambaa cheupe, na mtoto aungame mbele ya watu, ndipo alitegue. Denis alishaamua. Mbuzi yupo, kitambaa kinanunulika.

"Tumpe, yaishe," alisema. "Mbuzi atazaliwa mwingine."

"Na kuungama? Akaungame nini?"

"Aseme chochote."

Ndipo Pendo, waliyedhani amelala, akasema, "Nilichukua."

Shangazi aliacha kupepeta mchele.

"Ulichukua nini?"

"Chungwa. Moja. Siku tuliyomaliza mitihani. Lilikuwa limening'inia juu ya ua nikalirukia, nikala na Angel njiani."

"Nyigu walikuwapo?"

"Walikuwapo. Nilirukia palepale chini yao."

"Hawakukuuma?"

"Hawakuniuma."

"Na Jumamosi ulichukua nini?"

"Mchunga tu, mama. Haki ya Mungu. Wa upande wetu."

Elina alilipima lile neno. Halafu akacheka, kicheko kibaya cha mtu aliyelala macho, mpaka Denis akamwuliza kama ana akili nzuri.

"Baba Pendo, sikiliza. Siku aliyoiba, nyigu wenye macho hawakumwona. Siku aliyochuma mchunga wake mwenyewe, wakataka kumuua. Sasa hilo ni kago au ni wadudu?"

Denis alilielewa, na ndiyo maana aliogopa. Alisimama akafunga mlango. Akamwambia hilo lizikwe humo humo chumbani. Wakisikia mtoto alichuma chungwa kweli, wamekwisha; ataitwa mwizi mpaka aolewe.

"Mwizi wameshamwita," Elina akasema. "Na kile kiota kiko kwenye njia ya shule. Mbuzi wako hatakiondoa."

*

Waliporudi Sindeni ikawa kama alivyotarajia, na zaidi. Mashineni walimpisha kwenye foleni kabla ya zamu yake, si kwa heshima, bali ili asage aondoke. Shuleni watoto walimtaka Pendo aonyeshe makovu, kisha wakambandika jina, Kago. Mwalimu alisema haamini mambo hayo, lakini dawati la Pendo lilibaki la mtu mmoja. Hata Angel aliyekula nusu ya chungwa alihamia nyuma.

Njia ya shule ilipita kando ya minyaa. Elina akawa anampeleka mtoto kwa kuzunguka bondeni, kwenye matope, asubuhi na mchana, kazi za shamba zikimlalia. Kila akipita kwa mbali alikitazama kile kiota. Kilikuwa kinakua. Usiku alikuwa akishtuka kumsikiliza Pendo akipumua.

Hatimaye alimwuliza mwanawe. Si Denis, ambaye alikuwa amerudi kazini baada ya kumwambia afanye atakavyo ila asimtaje. Alimwuliza Pendo kama ataridhia lile la chungwa lisemwe mbele ya watu, na kama hataki basi, watatafuta njia nyingine.

Pendo alifikiri huku anachora chini kwa kidole cha mguu. "Liseme. Lakini na mimi niwepo."

Ijumaa baada ya swala wanaume hukaa barazani kwa Mzee Muhsin. Elina akaenda amemshika mtoto mkono, na kifuko cha nailoni. Alimwamkia mzee na waliokuwapo, akiwamo Kaleb, mwenyekiti wa kitongoji. Kaleb alifurahi, akidhani mbuzi anafuata nyuma.

Elina akatoa kwenye kifuko chungwa moja, kubwa, alilolinunua Korogwe kwa wauza matunda wa stendi. Akaliweka juu ya baraza mbele ya mzee.

"Mzee wangu, mtoto huyu alichuma chungwa lako. Alikosa, nami nimemwadhibu. Lako ni hili hapa, na ni kubwa kuliko lile."

Minong'ono ikaanza. Kaleb akamshukuru Mungu, akasema sasa mambo yatanyooka. Elina akamngoja amalize.

"Lakini alilichuma siku ya kumaliza mitihani. Alirukia chini ya kiota chenyewe, akalichuma, akala, akaenda nyumbani hana hata kipele. Nyigu walimuuma siku aliyokuwa anachuma mchunga upande wangu. Sasa mzee, nifafanulie mimi nisiyesoma. Mwizi wakamwacha, mchuma mboga wakamuuma. Kago hilo linamlinda nani?"

Kaleb akamwambia aangalie anaongea na nani. Mzee Muhsin aliinua mkono, Kaleb akanyamaza. Mzee alimwangalia Pendo kwa muda mrefu, na Pendo, aliyekuwa ameshika kanga ya mama yake kwa nguvu, hakuinamisha macho.

"Unataka nini, mke wa Denis?" mzee akauliza.

"Kiota kitoke."

"Mimi siwagusi."

"Basi nitawagusa mimi."

"Ukiwagusa, litakalokupata ni lako."

"Ni langu, mzee. La Jumamosi ile nalo lilikuwa langu."

*

Alimwuliza Simeo, akamwuliza na mdogo wake wa Lutindi anayefuga nyuki, akachanganya na akili yake. Moto aliukataa: minyaa ina utomvu unaopofusha macho, na nyasi zilikuwa zimeshakauka. Alichukua bomba la mgongoni la kupulizia mahindi, akalisafisha, akajaza maji yenye sabuni ya unga nyingi mpaka yakawa mazito. Akavaa ovaroli ya Denis, gambuti, soksi mikononi, na kipande cha chandarua kichakavu juu ya kofia, amekichomekea shingoni. Pendo alimwacha kwa Simeo tangu jioni, mbali na shamba, karibu na sindano.

Alifika kwenye ua wa minyaa alfajiri, baridi bado iko chini, nyigu wote wamejikunyata kwenye kiota. Hakuwa peke yake. Watu walisimama kule barabarani, wamejifunika, hawataki kukosa. Wapo waliokuja kumwona akirukwa na akili kwa kuligusa kago. Enock alikuwapo na pikipiki yake, imeshageuzwa kuelekea zahanati, na huyo ndiye aliyempa nguvu.

Elina alipampu, akalenga, akaachia maji. Kiota kililowa chote kwa mara moja, kikaanza kuvuma kama sufuria inayotaka kuchemka, halafu mvumo ukashuka. Nyigu walidondoka kama kunde zinazomwagwa, mabawa yamegandamana. Wachache waliruka. Mmoja alipenya kwenye mkono wa ovaroli akamuuma, Elina akasikia na akaendelea kupampu mpaka bomba likakauka. Kisha akakikata kiota kwa fimbo ndefu, akakisukumia kwenye shimo alilolichimba jana yake, akafukia, akakanyaga.

Akavua chandarua. Watu walikuwa bado wanangoja.

"Ninyi mnaosubiri nianze kuongea peke yangu," akawaambia, "mnasubiri bure. Nina mahindi ya kupukuchua."

Enock ndiye aliyecheka wa kwanza.

Siku hiyo hakufa, na kesho yake hakufa. Mkono ulivimba kidogo, ukarudi. Getruda alikuja kuutazama, akaubonyeza, akaomba kunde za mbegu, na Elina akampa, kwa sababu mtu aliyepoteza kiatu akikimbilia mwanao huwezi kumnyima kunde.

Aliyemshangaza ni Mzee Muhsin. Alikuja mchana, watu wakiwa mashambani, akasimama nyuma ya banda la mbuzi ambako haonekani toka njiani. Aliulizia hali ya mtoto. Aliulizia mvua. Ndipo akauliza, sauti iko chini, ile sabuni aliweka kiasi gani.

Elina hakuelewa mara moja. Mzee akasafisha koo. Katikati ya shamba kuna kiota kingine. Michungwa mizuri kuliko yote iko pale, na tangu nyigu waingie hajaisogelea, matunda yanaozea chini. Yeye mwenyewe waliwahi kumuuma, akalazwa Korogwe, nyumbani wakasema amekwenda harusini.

"Ulichomwa sindano?" Elina akauliza.

"Nilichomwa."

"Na fundi?"

Mzee alitazama mbuzi. "Sikuita fundi. Nyigu walijileta. Watu wakasema kago, nikaona wezi wamepungua. Nikanyamaza."

Elina alihisi hasira ikimpanda polepole, ya moto, mpaka kwenye meno. Mtu huyu alisimama juu ya mwanawe akimwambia sema. Angeweza kumfukuza. Angeweza kumpa kipimo cha sabuni akaenda nacho kimyakimya, na harusi ikabaki harusi.

"Mzee wangu, kipimo nitakupa," akasema. "Lakini siyo nyuma ya banda. Kesho njoo mashineni, wanawake wakiwa wamejaa, uniulize pale pale kama ulivyoniuliza hapa. Na harusi uitaje. Usipokuja, nitaitaja mimi."

Mzee aliondoka bila kuaga. Elina hakulala vizuri, maana tangu aolewe pale hakuwahi kumwekea mtu mzima masharti.

Kesho yake mashine ilikuwa inanguruma mzee alipotokea. Alisimama nje mpaka mwenye mashine alipoizima, akiogopa kuna msiba. Mzee Muhsin akauliza swali lake kwa sauti ya kusikika, na harusi akaitaja, kwa maneno machache, akiangalia fimbo yake. Getruda alikaa juu ya debe kama aliyesukumwa.

Elina akajibu. Alieleza sabuni, alfajiri na chandarua. Wakaanza kuuliza, mmoja mmoja, kisha wote, na Pendo, aliyekuwa ameshika gunia, akawa anamkumbusha mama yake aliyoyasahau. Waliyoambiwa kuyaacha ni haya:

Usikirushie jiwe kiota cha nyigu, wala usikichome moto mchana.

Usiinamie ua au kichaka kabla hujakitazama juu na chini.

Wakikuvamia, usisimame ukajipiga na kupunga mikono. Jifunike kichwa, ukimbie mbali.

Usipake mafuta ya taa. Osha kwa maji na sabuni, weka kitambaa cha maji baridi.

Usichanje kwa wembe na usinyonye kwa mdomo. Nyigu haachi mwiba kama nyuki. Hakuna cha kutoa.

Usiache pete wala bangili kwenye mkono ulioumwa.

Usimnyweshe chochote aliyevimba midomo.

Usimlaze chali anayehangaika kupumua, mkalishe. Anayeona kizunguzungu usimsimamishe, mlaze, miguu iwe juu.

Ukiona vipele mahali asipoumwa, uvimbe wa uso, kutapika au sauti kukwaruza, usingoje mzee, usingoje mume, usingoje simu. Mpeleke.

Usiogope sindano. Ogopa kuchelewa.

Na aliyeumwa usimwulize ameiba nini. Mwulize kama anapumua.